Écran Ilisema Njia Iko Sawa, Kuku Yangu Ikakatala

Siku fiancé wangu alinifukuzisha kazi mbele ya wageni, mama yake mwenyewe alikuwa amelala tumbo chini mu majani, pembeni ya njia ya Bule... watu wa bunduki wanapita karibu ya miguu yake!

Na yeye, mutoto wake, alikuwa anafanya nini?

Alikuwa anachekelea écran, kioo kikubwa cha mashini.

Écran iliandika kwa rangi ya kijani: NJIA YA BULE IKO SAWA.

Wageni wakapiga makofi. Mi nikaanza kufungasha vitu vyangu. Halafu kuku ikalia chini ya meza.

Ndiyo. Kuku. Chekeni tu, siku ile kila mutu alicheka.

Bon. Nianze mwanzo, muelewe kwanza huyu mwanaume ni wa namna gani.

Jina yangu Plamedie. Niko programmeuse hapa Bunia. Na mbele munitukane ku ba commentaires, acha nijitukane mwenyewe: niko programmeuse mubovu! Kile wenzangu wanaandika mu mustari moja, mi najaza ukurasa. Code yangu inatembea kama mama mwenye kubeba mukungu wa ndizi mu mupando wa mulima. Lakini inafika.

Bureau yetu iko Mudzipela, nyuma ya depo ya cementi. Kazi yetu iliitwa Njia Wazi.

Munajua vile tunaishi huku. Wanasema amani iko. Ndiyo, iko. Lakini mutu wa huku hapandi moto, ile pikipiki, mbele ya kuuliza: "Njia inasema nini leo?"

Sasa ba motards wa pikipiki, ba maman ya soko, walimaji wa Bule na wa Gety, wote wanatuma habari ku numéro yetu. Asubui système inazichunga, halafu inatumia watu message: njia hii iko sawa, njia ile mukae kwanza.

Kazi ilikuwa naenda polepole, lakini naenda. Mpaka Emery akafika.

Emery alitoka Kampala na diplôme, na ba écouteurs mukubwa za kusikilizia muziki ku masikio yenye hazitoki ata akiwa nakula. Ukimusalimia, anakuonyesha kidole: ngoja. Unangoja. Unangojea salamu, Yesu wangu!

Siku ya kwanza tu, Directeur Eugène akamuita Génie. Kuanzia pale hakuna mutu aliweza kumuambia kitu.

Na mi, zoba, mujinga wa mutu, nikamupenda.

Muniache. Alikuwa na sauti ya muzuri, na mama yake alikuwa muzuri kumupita. Maman Scholastique! Mama wa makayabu, samaki ya chumvi, na sabuni, anapeleka ku soko ya Bule, anarudia na viazi. Alikuja mwenyewe kwa baba mudogo wangu kufanya présentation ya uchumba, akacheka mpaka majirani wakatoka inje kuangalia.

Ku parking ya ba motos kila mutu anamujua, juu ya kelele yake:

"Mashini ya njia, ni mutoto wangu njo anaiendesha!"

Nani angemusahihisha? Mama akijivunia mutoto, unamuacha.

Sasa ile kuku.

Watu wengi wa huku hawatumi message. Wanabipe. Unapiga simu, ikilia tu unakata, mwenye unités za simu atakurudishia. Njo vile nilifanya kakitu kangu: kila bip ikifika ku numéro yetu, ordinateur yangu, ile kompyuta, ilie, nisikie, nimurudishie mutu, nimuulize kuko nini.

Nilitafuta sauti ya muzuri. Zote zilinikatala. Moja tu njo ilikubali: ya kuku yenye kutoka kutaga.

Emery aliisikia siku ya kwanza, akatoa ba écouteurs. Muone vile ilikuwa mambo makubwa!

"Hii ni nini?"

"Ni kuku, chéri."

"Nasikia ni kuku! Iko nafanya nini mu système yangu?"

"Mutu amebipe. Sasa namurudishia."

"Plamedie, on n'est pas dans un poulailler, hii si nyumba ya kuku! Bip si habari. Bip ni bruit, kelele tu. Mi nimeandika filtre, chujio, inazitupa zote."

"Zote?"

"Zote. Zaidi sana zile zenye kurudia-rudia. Kitu ikijirudia ni doublon, nafuta."

"Mais chéri, ikijirudia njo..."

"Unaona? Kila siku maswali! Programmeur wa kweli haulizi, anasoma."

Akarudisha ba écouteurs. Mi nikabaki na maneno mu kinywa.

Nikamujaribu tena siku ingine, tuko nakula mukate na avocat.

"Chéri, asubui kama hakuna mutu alituma habari ya mubaya, écran inaandika nini?"

"Kijani. Logique."

"Kimya ni kijani?"

"Kimya ni kijani."

"Hapa Ituri?"

Akacheka. Alinicheka mbele ya watu wa bureau, akawaambia: "Fiancée wangu anaogopa kimya." Na wale wenye kumuramba viatu nao wakacheka, watu wenye walizaliwa hapa hapa, wenye wanajua muzuri kimya ya huku ni kitu gani!

Akaniamuru nitoe kuku. Nikasema ndiyo.

Sikuitoa.

Munafikiri ni kichwa ngumu? Hapana. Sikujua namna ya kuitoa bila kuvunja vingine! Nimewaambia niko mubovu. Nilichomeka tu écouteurs yangu mu ordinateur, kuku ikalia mule ndani peke yake.

Sasa tufike ile siku.

Ba bailleurs, watu wa kutoa pesa ya kazi yetu, walikuja asubui, na ba gilets yao na ba bouteilles za maji. Emery alivaa veste, koti nzito. Veste, na lile joto! Akawasha écran, akasema kifaransa chake cha kupanda mulima:

"Mbele, wenzangu walikuwa naendesha hii kazi kama duka ya kijiji. Sasa ni intelligence. Muangalie."

Njia zote kijani. Njia ya Bule, kijani ya kuwaka. Message ilikuwa imekwisha kutumwa ku simu za watu wote toka alfajiri.

Makofi.

Halafu akageuka. Hakuniangalia. Aliangalia wageni.

"Ili tuendelee, équipe lazima iwe na watu wa niveau ya juu. Nimeomba chef amusimamishe mademoiselle Plamedie. Anatuchelewesha."

Nilifikiri nimesikia mubaya.

"Emery?"

"Si mambo ya nyumba, ni ya kazi. Usilete roho ya nyumba hapa."

Directeur Eugène alikuwa naangalia viatu vyake. "Plamedie, mwanangu, uchukue tu vitu vyako... tutaongea."

Emery, mutu mwenye alikula pondu ku meza ya baba mudogo wangu! Mwenye mama yake ananiita bibi-harusi mbele ya soko nzima! Nilitaka kulia, machozi ikakatala kutoka juu ya hasira. Nikakokota sac, nikatupa mule kikombe changu, nikavuta écouteurs yangu ku ordinateur...

KO-KO-KO-KOOO!

Ba bailleurs wakaruka. Mumoja akacheka, wote wakacheka.

Emery akafunga macho. "Plamedie. Funga ile kuku."

KO-KO-KO-KOOO!

"Nimesema funga!"

KO-KO-KO-KOOO! KO-KO-KO-KOOO! KO-KO-KO...

Haikunyamaza. Moja juu ya ingine, moja juu ya ingine. Wageni walikuwa nacheka mpaka wanashika tumbo. Lakini mi nikaacha kufungasha. Na Directeur Eugène, nikamuona naye anaacha kuangalia viatu.

Juu siye wenye tulibakia huku mu miaka ya kukimbia vita, tunajua. Bip moja ni: nirudishie. Bip zenye kufuatana bila kupumua ni kitu ingine. Ni: kuko mubaya, niko nimejificha, USINIPIGIE. Mutu mwenye kujificha hawezi kuongea, hawezi kuandika message. Anaweza kubonyeza tu, anakata, anabonyeza tena.

Nikainama ku ordinateur. Nikasoma numéro.

Nilijua ile numéro kama jina yangu.

"Emery... ni mama."

"Mama gani?"

"Mama yako! Alitoka na moto asubui, leo ni soko ya Bule!"

Akaangalia écran yake. Naapa mbele ya Mungu, mama yake yuko hatarini, na yeye akaangalia kwanza écran!

"Lakini... ni kijani."

"Emery, mama analia kule!"

"Bon, bon, nimupigie nijue."

Akatoa simu, kidole tayari juu ya jina ya mama yake.

Nilimupiga mukono. Nguvu yote! Simu ikaruka, ikapiga ukuta, kioo chote chini. Mugeni mumoja akapiga kelele.

"Weye uko mujinga?!" akanibwekea.

"Ukimupigia, simu yake italia! Watamusikia! Unataka kuua mama yako?"

Akainama, akaanza kuokota vioo. Njo mara ya kwanza niliona yule Génie anakosa kifaransa.

Directeur Eugène alikuwa tayari inje, anapigia commandant wa camp ya jeshi. Mi nikapigia Kamate, président wa ba motards ku parking ya kwenda Bule.

"Kamate, watu wasiondoke!"

"Plame, mbona message yenu inasema sawa? Niko na ba maman wengi hapa, mizigo imekwisha kufungwa, wa kwanza wanawasha..."

"Message imedanganya! Maman Scholastique iko mu majani, anabipe yenye kufuatana!"

Hakuniuliza swali ata moja. Kamate hajui ordinateur inafunguka upande gani, lakini ile lugha anaijua. Nikasikia tu kelele, motos zinafunga frein, breki zinalia, ba maman wanatukana. Kumbe alilaza moto yake katikati ya barabara, naye akakaa juu yake.

Nikageukia Emery.

"Weka njia nyekundu! Watu wa Bule nao wajue wasitoke!"

Akaanza kuandika. Akabonyeza. Écran ikabakia kijani.

"Kuna nini?"

"Inakatala."

"Nani anakatala?"

"Système... inaomba habari zingine tatu zenye kuhakikishwa. Mi njo niliandika vile... kwa usalama."

Kwa usalama! Muisikie ile neno. Mutu amejenga nyumba, akajifungia inje, anatusifia serrure, ile kufuli.

Nilisukuma kiti yake. Nikachukua simu ya bureau, nikaandika message kwa mukono, nikaituma kwa vijiji moja-moja, namna ya duka ya kijiji: NJIA YA BULE MUBAYA. MUKAE.

Kuku ilikuwa imenyamaza.

Na ile kimya njo ilikuwa mubaya kupita kelele. Ba bailleurs hawakucheka tena. Mumoja akaniuliza polepole: "Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja."

Emery alikaa chini, ku sakafu ya cementi, na veste yake. "Ma, mama," alikuwa nasema. Tu vile. Nilimuonea huruma? Kidogo. Nisidanganye, ilikuwa kidogo sana.

Jua likapanda. Mutu hakukula. Halafu...

Ko-ko-ko-kooo.

Moja. Tukangoja ingine ifuate. Haikufuata.

Bip moja! Nirudishie!

Nikapiga.

"Maman?"

"Plame... mwanangu... niko ku position ya jeshi, kwa ba soldats. Makayabu, wale wa bunduki wamechukua yote. Mi sikuumia, ni magoti tu. Motard wangu naye iko muzima." Akapumua. "Mashini ilisikia?"

Nikalia pale. Yale machozi ya asubui, yote ikatoka.

Munafikiri imekwisha? Eh! Hamujamujua Emery.

Kesho yake ba bailleurs walirudia. Naye akarudia, veste ingine, uso umeoshwa. Akasimama, akasema:

"Kama muliona jana, système ilipokea signal ya dharura, na équipe ikafanya kazi chini ya direction yangu..."

Mi nilikuwa nimekuja kuchukua sac yangu tu. Nikashika kinywa. Mutu anaweza kukosa haya mpaka namna ile?

Mulango ukafunguka. Maman Scholastique! Magoti imefungwa kitambaa, kitenge ingali na udongo, na kuku ya kweli chini ya kwapa.

"Emery."

"Mama! Ulipashwa kupumzika..."

"Nilibipe mashini yako. Nilibipe mpaka kidole ikakufa ganzi. Nani alisikia?"

"Mama, système..."

"Nimeuliza NANI."

Directeur Eugène njo alijibu: "Ni kuku ya Plamedie, maman. Mashini ilitupa bip zako zote. Mutoto wako aliiambia izitupe."

Mama akageukia mutoto wake.

"Nilikutuma Kampala juu ya nini, Emery? Juu usilale mu majani kama siye. Nilitaka usijue ile lugha ata siku moja, na Mungu akanisikia, hauijui. Hiyo si kosa yako. Lakini huyu anaijua! Alikuwa anakaa pembeni yako, anakula na weye, anataka kukuambia. Ukamufukuza!"

Génie akainamisha kichwa.

Mama akanipatia ile kuku. "Kamata, bibi-harusi. Kama hautaki tena kuolewa na huyu, ni haki yako. Lakini mi haujaniacha."

Nikatoa pete ya uchumba, nikaiweka juu ya clavier ya ordinateur ya Emery. Muzuri, katikati, asiikose.

Directeur alinirudisha kazini siku ile ile. Alitaka kunipatia kiti ya Emery, nikakatala. Mi ni mubovu, nimewaambia! Niliomba kitu moja tu: kuku ibakie, na mutu wa kurudishia watu. Emery alipewa ya kuchagua: akae pembeni yangu, asikilize bip na mi, ajifunze. Akasema hawezi kufundishwa na mutu wa niveau ya chini. Akafunga sac yake na kiburi yake, akaenda. Bunia haikulia.

Sasa weye mwenye akili nyingi, mwenye unasoma hii na ba écouteurs ku masikio, nakuambia bure.

Kaa karibu ya mwenzako mubovu. Usimufundishe kwanza, umuangalie. Pale anakwama, njo pale watu watakwama. Kile anauliza, njo kile watu watauliza wakiwa peke yao mu njia, na weye hautakuwa pale kuwajibu. Mi nauliza juu sijui. Emery hakuuliza juu alifikiri anajua. Kati yetu wawili, nani alitumia mama yake uongo ku simu?

Kuuliza si ujinga. Tulifundishwa hiyo ku primaire, hapa hapa, bila Kampala.

Na mumalizie hii.

Toka aende, Emery ananibipe. Jioni, asubui, siku ya Mungu. Bip moja, anakata. Génie mwenye alisema bip ni bruit! Anataka nimurudishie, aniite chéri, nimuombee msamaha kwa mama yake.

Munauliza kama namurudishia?

Nilichukua ile filtre yake, ile ile yenye aliandika kwa mikono yake, nikaweka ndani numéro moja tu: yake. Bip moja-moja za "chéri" zinatupwa zote. Mustari wa kutupa zenye kufuatana niliufuta: akibipe vile, hapo kuku italia, na nitamutafutia watu wa kumutoa, juu mi si kama yeye.

Nimekaa nayo wiki nyingi sasa, haijakosea ata mara moja. Mumupe haki yake: ile code ni ya muzuri sana.